Mchungwa wa Keza Uliochomwa Sindano

Mimi nimekua nikijua kwamba chungwa lililoiva ni la kijani. Siku ya kwanza kuona kalenda ya ukutani yenye machungwa rangi ya jua linalozama, nilisema mchoraji amekosea, amepaka rangi ya karoti. Kwetu Keza, kwenye vilima vya Ngara, chungwa hulitazami rangi. Unalishika kiganjani ulipime uzito, unalinusa kitako, kisha unachukua kisu na kulimenya taratibu, ganda lishuke utepe mmoja mrefu bila kukatika. Mimi utepe wangu uliwahi kufika kutoka mlangoni kwa mama hadi zizini kwa jirani. Anayebisha hakuwepo.

Basi, rangi hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza. Ugonjwa ulipoingia kwenye mchungwa wa mama ulikuja umevaa nguo za nyumbani. Ugonjwa unaofanya machungwa yagome kubadilika rangi, ukatua kwa watu ambao machungwa yao ni ya kijani tangu enzi za Nuhu! Nani angeshtuka?

Mchungwa wenyewe ulisimama kati ya jiko na migomba. Mama alikuja nao kutoka Kabanga alipoolewa, akiwa ameupakata kwenye kopo la mafuta lililoota kutu, amekaa juu ya magunia ya maharage nyuma ya gari. Mama yake, yaani bibi yangu, alimwambia: "Wengine wanatoa godoro, mimi natoa mti. Siku wakikuchosha huko, utakuwa na wa kwenu wa kukaa naye." Na ilikuwa kweli. Tulipokuwa wadogo, tukimkuta mama amekaa chini ya mchungwa na hachambui maharage wala hasuki mkeka, tulijua baba kasema neno. Hatukumsogelea. Alikuwa na wa kwao.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyopata mila yake. Si mila ya Wahangaza wote wa Ngara, msije mkaniandikia barua. Ni ya nyumba yetu tu: mtoto wa kike akiolewa anatoka na mchungwa. Mche huo mama aliubebesha mwenyewe, yaani aliuunga juu ya mti mwingine. Anaotesha mche wa mlimao, ukifika unene wa penseli anauchana gome kwa wembe, anachomeka kikonyo kutoka mti wake, anafunga na utepe wa mpira wa tairi la baiskeli. Mikono yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba nadhani mlimao haukujua umekatwa. Mimi, kifungua mimba, nilitoka hivyo, na mche wangu ukapandwa nyuma ya nyumba tuliyopanga Kabanga, mpakani, ninaposhona nguo hadi leo.

Na utamu wa machungwa yale! Nakwambia, sukari ya dukani ikikaa nayo meza moja ilikuwa inaona aibu. Nyuki walipanga foleni. Paroko mmoja alikuja kubariki nyumba, akala moja, akasahau alichojia. Akala la pili, akabariki mti badala ya nyumba. Kwa hiyo kila aliyepita aliomba kikonyo, na mama hakuwahi kumnyima mtu. Walimu waliohamishwa waliondoka na vikonyo vimefungwa kwenye majani mabichi ya mgomba. Wanakwaya vile vile. Mti wa mama ulikuwa na watoto na wajukuu kuliko mzee yeyote wa tarafa yetu.

Sijui ni mwaka gani hasa ulianza kununa. Machungwa yalianza kuwa madogo, halafu yakawa ya upande upande, kama mtu mwenye jino bovu. Ukilipasua, mbegu zimesinyaa, nyeusi, nyepesi kama pumba. Ladha yake mtu yeyote aliyewahi kutafuna kidonge cha malaria ataikumbuka. Mama alisema mti umezeeka, kama yeye. Aliumwagia majivu. Aliumwagia mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa kwenye pipa, hata sisi tukawa tunanunua mboga kwa jirani kuliko kupita nyuma ya jiko. Na kwa kuwa aliona mti unaondoka, alizidi kugawa vikonyo ili uzao usipotee. Aligawa kama mtu anayegawa vyombo vya nyumba inayoungua.

Wangu wa Kabanga nao ulikauka. Mimi nililaumu moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Burundi.

Katika hali hiyo ndipo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipopata mchumba. Kijana wa Kisukuma, wazazi wake walihama Shinyanga na ng'ombe wao wakaweka makazi Kaniha, wilaya ya Biharamulo. Watu wakarimu, wanaongea kwa sauti kubwa, wanacheka kwa sauti kubwa zaidi. Walipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, mama alifanya alivyofanya kwa wageni wote: alichuma machungwa, akayamenya, akayapanga kwenye sinia.

Mama mkwe mtarajiwa alichukua kipande, akatia kinywani. Uso wake ulikunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Akameza kishujaa.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. Halafu akashindwa kuvumilia. "Mayu, mama yangu, mti huu ni wa matunda au wa dawa?"

Kicheko kikalipuka. Wajomba walicheka, mashemeji walicheka, hata mimi nilicheka, maana kwenye ugeni wa namna ile utani ni sehemu ya chakula. Mama peke yake hakucheka. Alisimama na sinia mkononi.

"Mkwe wangu," akasema, "binti yangu atakuja kwako na mche wa mti huu. Na utakula, na utaniomba mwingine."

"Tutausubiri," mama mkwe akajibu, akichokonoa meno. "Ila uje na sukari kidogo."

Jioni ile wageni walipoondoka nilimkuta mama amekaa chini ya mchungwa, mikono mitupu. Sikumsogelea.

Sasa niseme habari ya shule, maana bila shule hadithi hii haina miguu. Nilisoma sekondari ya jioni pale Kabanga, mtu mzima mwenye watoto na cherehani. Tulikuwa tunakaa kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yanagusa kidevu. Nyuma yangu walikaa wabadilisha fedha wawili wakubwa kama makabati. Hesabu walikuwa wanamsahihisha mwalimu, ila kwenye Kiingereza walikuwa wadogo kama kidonge cha piritoni. Mimi somo langu lilikuwa baiolojia. Nililipenda hadi nikawa nashona vifungo kwa kuzingatia mgawanyiko wa seli.

Mwalimu wetu wa baiolojia, kijana mwembamba mwenye sauti nene isiyo ya kwake, alituambia kila mmoja alete jani lenye kasoro. Nilikuwa nimetoka kumsalimia mama, nikaleta jani la mchungwa. Lilikuwa na vijishimo vidogo, kama ngozi iliyotoka kwenye ndui, na madoa ya njano.

Akalikunja katikati, kwenye mshipa wake mkuu. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Dada, tazama. Mti wenye njaa ya mbolea, njano yake inafanana pande mbili, kama mikono ya mtu mmoja. Hili haliko hivyo. Upande huu una njano hapa, upande huu pale. Hii si njaa."

"Ni nini, mwalimu?"

"Bakteria. Analetwa na kadudu kadogo kanachokaa chini ya majani machanga. Vishimo hivi ndimo kanamokaa kakiwa katoto. Na analetwa na kitu kingine." Akanitazama. "Mama yako anabebesha miche kutoka mti huu?"

"Mwalimu, mti huu una wajukuu wilaya nzima."

Akakaa juu ya dawati. Wabadilisha fedha wakaacha kunong'ona.

Akatueleza kwamba bakteria huyo anaishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mti. Anaiziba. Majani yanapika chakula, hakishuki. Matunda yanabaki kudumaa na mbegu zinafia tumboni. Kikonyo kikitoka kwenye mti mgonjwa, kinaondoka na ugonjwa, hata kionekane kizuri namna gani. Ushauri wa siku zote, akasema, ni kuukata mti na kuuchoma moto.

Nikamkumbuka mama na utepe wake wa mpira wa baiskeli, na mikono yake myepesi. Nikatamani ningeleta jani la muhogo.

Kumpelekea mama habari ile kulihitaji moyo. Nilipanda pikipiki hadi Keza, nikamkuta anapalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na sura ya msiba, nani kafa?"

Nikamweleza yote, na mishipa, na kadudu, na bakteria. Nilichora mchangani. Alinisikiliza akiegemea jembe. Nilipofika kwenye kukata, akainua mkono.

"Wewe umesoma usiku. Mtu aliyesomea gizani huona giza hata saa sita mchana."

"Mama, ni jioni, si usiku. Na taa tunayo."

"Basi ikawaangazie huko huko. Mdogo wako ataondoka na nini? Ndoo ya plastiki? Yule mama wa Kaniha atacheka mpaka ng'ombe wake waache kutoa maziwa. Mti huu ulinishika mimi nilipokuja hapa simjui mtu. Yule mtoto anakwenda kwa watu wanaoongea lugha asiyoijua. Atakaa na nani?"

Nikachukua jembe lake, nikamalizia mstari aliokuwa anapalilia.

Mwalimu ndiye aliyetafuta njia. Alikuwa na mwenzake aliyesoma naye chuo, dada mmoja anayefanya kazi ya utafiti wa magonjwa ya mimea. Dada huyo alikuwa anajaribu dawa ya aina mpya kwenye michungwa iliyougua, akakubali kuja kuutazama mti. Alifika Keza kwa pikipiki, vumbi limempaka nyusi, amekumbatia boksi la barafu kama mtu aliyebeba kifaranga. Mama akambatiza hapo hapo: daktari wa miti.

Daktari alikunja majani, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akapasua chungwa, akatikisa kichwa kuona mbegu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akanywa uji aliopewa, akaeleza dawa yake. Mimi nikawa mkalimani wa mama, si kwa lugha bali kwa sayansi, na nilivimba kichwa hadi kitambaa kikanibana.

"Inaitwa peptidi," nikasema. "Mama, unajua protini?"

"Maharage."

"Ndiyo. Protini ni kama mkufu mrefu wa shanga. Peptidi ni kipande kifupi cha mkufu huo, shanga chache tu. Viumbe vingi vinavitengeneza ili kujilinda. Hata kwenye machozi yetu vimo. Hata kwenye ngozi ya chura."

Mama akaweka kikombe chini. "Mnataka kuupaka mchungwa wangu jasho la chura?"

Daktari akacheka hadi uji ukampalia. "Hapana, mama. Hii yangu imefanana na ile ambayo jamaa fulani wa mchungwa, wasiougua sana, wanaitengeneza wenyewe. Tumejifunza kwao."

"Kwa hiyo ni dawa ya ukoo."

"Naam, unaweza kusema hivyo."

"Inamfanya nini huyo bakteria wenu?"

"Inamtoboa ngozi," nikadakia, kabla mwingine hajaninyang'anya. "Kama msumari na tairi la pikipiki. Upepo unatoka, kwisha habari yake."

"Kwa nini msinyunyizie tu kama watu wa kahawa?"

Daktari akapiga paja. "Swali zuri. Yeye amejificha ndani ya mishipa. Ukinyunyizia juu unamwosha mlango tu. Itabidi tuuchome mti sindano."

Mama alitazama shina, toka mizizi hadi matawi. Kisha akauliza swali lake la mwisho: "Mtoto wangu atapata mche?"

Namshukuru daktari yule kwa jibu lake, kwa sababu angeweza kudanganya na tungefurahi.

"Siwezi kukuahidi kwamba mti utapona, mama. Dawa hii bado tunaijaribu. Vikonyo usigawe tena, hata kimoja, hata kwa askofu. Lakini mbegu ni jambo jingine. Ugonjwa huu haupiti kwenye mbegu. Na mbegu ya mchungwa ina maajabu yake: miche mingi inayotoka humo ni mama yake mtupu, haikuchanganywa na mti mwingine. Shida ni kwamba mti wako hautoi mbegu zilizojaa. Tukiyapa nafuu matawi mawili tu, yakazaa tunda lenye mbegu nzima, nitaridhika."

"Na mimi nitaridhika," mama akasema. "Choma."

Nimeona watoto wengi wakichomwa sindano kliniki, lakini sijaona mzazi aliyeteseka kama mama siku ile. Daktari alitoboa tundu dogo chini ya tawi la kwanza, akachomeka bomba la sindano lenye springi inayosukuma dawa pole pole. Mama alikuwa upande wa pili, amelikumbatia shina.

"Pole," akawa anauambia mti. "Pole, inaisha. Pole."

Mdogo wangu alikuwa anachungulia kutoka jikoni. "Mama, mimi nilipochomwa uliniambia nyamaza."

"Wewe ulikuwa unapiga mateke. Mti umetulia."

Matawi yale mawili daktari aliagiza tuyawekee alama. Nilifunga vipande vyekundu vilivyobaki kwenye sare za kwaya niliyokuwa nashona. Sharti lilikuwa hili: tunda la tawi lenye kitambaa haliliwi, kwa kuwa dawa bado iko kwenye majaribio. Ni la mbegu tu. Daktari akawa anarudi na boksi lake kila baada ya muda, na sisi kazi yetu ikawa kuangamiza kadudu kwenye majani machanga. Mama aliwinda wadudu wale kwa ari ambayo simba akiiona anaomba likizo.

Mvua zikaja. Tawi lisilo na kitambaa lilitoa majani ya njano kama kawaida yake. Matawi yenye kitambaa yakachipua. Sisemi yalipona, daktari mwenyewe alinikataza kusema hivyo, na mimi kwa kawaida sikatazwi. Lakini majani yalikuwa ya kijani pande zote mbili za mshipa. Maua yakaja, na harufu yake ikanikuta barabarani kabla pikipiki haijakata kona. Nikaomba dereva asimame. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia nasikia utoto wangu.

Kule Kaniha, mchumba alikuwa bado anajenga, bati hazijatosha, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ndoa upande wa bibi harusi ukamwambia bwana harusi asiharakishe, ajenge vizuri, apake na chokaa.

Machungwa yalipokomaa, mama aliniita. Hakutaka kupasua peke yake. Akachuma moja lenye uzito, duara kamili, akaliweka kwenye ubao, akakata. Jikoni pakajaa ile harufu. Nilikuwa nimeisahau, nakiri. Miaka yote ile ya machungwa yenye uchungu ilikuwa imeifunika. Ilinirudishia asubuhi za kwenda shule na vipande kwenye mfuko wa sketi, ilinirudishia sauti ya baba akitema mbegu zimlenge jogoo. Na katikati ya chungwa, mbegu: nyeupe, zimevimba, zinateleza.

Mama akazichokoa moja moja na ncha ya kisu, akaziweka kwenye bakuli la maji. Zikazama. Za zamani zilikuwa zinaelea. Mkono wote unachuruzika juisi hadi kiwikoni. Akautazama mkono. Akanitazama.

"Daktari alisema lisiliwe," nikamkumbusha.

"Nani anakula?"

Nikasikia kuku nje, nikatoka kuwatazama. Kuku walikuwa salama kabisa. Niliporudi, mama alikuwa anajifuta midomo kwa ncha ya kanga. Mchana kutwa alikuwa anaimba.

Mbegu zilipoota, nyingine zilitoa miche miwili, mitatu, kutoka mbegu moja. Daktari alitufundisha kung'oa ile dhaifu isiyofanana na wenzake na kubakiza yenye nguvu. Tatizo likawa kadudu. Miche michanga ni karamu kwake. Hapo ndipo ufundi wangu ulipoingia. Nilichukua chandarua kipya cha mbu, nikakikata, nikakishona kiwe kama paa la hema, na kwa kuwa mkono wa fundi haujui kujizuia, nikatia marinda na ukingo wa lasi. Majirani walikuja kutazama.

"Kumbe harusi ni ya nani?" mmoja akauliza. "Ya binti au ya miche?"

"Ya wote," nikajibu. "Ila miche imetangulia kuvaa shela."

Tarehe ya harusi ilipokaribia, daktari alikuja mara ya mwisho. Alizunguka mti, akikunja jani hapa na pale. Kisha akatuambia kwamba dawa yake ya majaribio imefikia kikomo kwa sasa, na matawi ambayo hayakuchomwa yana ugonjwa ule ule, na shina pia. "Miche yenu ni safi. Lakini michanga hii haitakaa chini ya shela milele. Mingine itabaki hapa. Siku ikitoka, kadudu katanyonya kwenye mti, katarukia kwa watoto."

Hakusema kata. Alinywa uji wake, akaaga.

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga hoja zangu kama mwanasheria. Mama alikuwa anaosha vikombe, akaniambia bila kugeuka: "Kamwite mwenye shoka. Majani yachomwe leo leo, na hao wadudu wake. Kuni ziwekwe darini zikauke, tutapikia harusi."

"Mama, una hakika?"

"Mti umeshazaa. Sasa unataka kula wanawe. Hata mimi kama ningefanya hivyo, ningependa mtu anizuie."

Mwenye shoka alipokuja, mama alienda shambani kwa jirani, akabaki huko hadi mlio ukaisha. Alirudi akaketi penye kisiki. Safari hii nilimsogelea. Tukakaa wote, mavumbi ya mbao yananukia chini yetu.

Wali na nyama ya harusi ya mdogo wangu vilipikwa kwa kuni za mchungwa. Moshi wake ulikuwa na utamu fulani, na wageni wakauliza tumetia kiungo gani. Mama akasema siri ya nyumba. Paroko yule yule alikula sahani ambazo sitazihesabu, kwa heshima ya kanzu. Bibi harusi alitoka ndani ameshika mikononi kopo la mafuta, si lile la kutu, lakini kopo, na ndani yake mche wenye urefu wa kiganja, umefunikwa na kipande cha chandarua chenye lasi, kinachofanana na shela yake. Niliishona mwenyewe. Mama mkwe akapokea kopo, akafunua, akatazama kijiti kile.

"Mayu! Ng'ombe wangu wote wale, nimepewa unyoya!"

Mama safari hii alicheka wa kwanza.

Juzi tulikwenda Kaniha kumwona mdogo wangu, amejifungua mtoto wa kike. Tulipita Lusahunga, basi limejaa. Mche ni mrefu kunizidi sasa. Bado haujazaa, daktari alishatuambia wa mbegu huchelewa na huota miba mingi mwanzoni, na hakutia chumvi, una miba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Umepandwa ndani ya boma dogo la matawi, mbuzi wasiufikie. Chini yake kuna kigoda.

"Nani anakaa hapa?" mama akauliza.

"Bintiyo huyo," akasema mama mkwe, akimwelekezea mdogo wangu kidole. "Nikimpandishia sauti kidogo tu, anakwenda kukaa na huo mti wenu. Nikaona nimpe kigoda, asichafue nguo. Ila niambie ukweli, mayu, huu ni wa matunda au wa kufungia ng'ombe? Umenichoma kila mahali."

"Utakula," mama akasema. "Na utaniomba mwingine."

"Nimeshachoka kusubiri. Nimezeeka nikisubiri."

Mama akaingiza mkono taratibu kati ya miba, akachuma jani moja. Akalikunja kwenye mshipa wake, kama mwalimu alivyonionyesha, kama nilivyomwonyesha. Akalikunjua kwenye mwanga, akanisogezea nione. Pande mbili zilikuwa sawa, kijani tupu.

Akalisugua kwa vidole, akanusa, akampitishia mama mkwe. Mama mkwe akanusa, akanusa tena. Kisha akavuta kigoda, akakaa.